Elimu ya Chuo ni Mtaji wa Nani?

Katika miaka hii ya karibuni limezuka swali ambalo wazazi wetu wa miaka ya 1960 wangelipata taabu kulielewa. Swali lenyewe ni hili: je, elimu ya chuo inalipa? Huulizwa na vijana vijiweni, huulizwa na wazazi mbele ya walimu, na pengine huulizwa na walimu wenyewe ndani ya chumba cha walimu. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hailipi. Hutajwa kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda, na papo hapo hutajwa tajiri aliyeishia darasa la saba ambaye leo ana malori matatu. Mifano hiyo miwili ikisimamishwa bega kwa bega, mjadala huonekana umekwisha.

Sisi tunaona kwamba mjadala haujaanza. Hatukusudii kuwatetea wenye shahada, kwani wengi wao hawajatupa sababu ya kuwatetea. Tunakusudia kuonyesha kwamba swali limeulizwa kwa namna mbaya, na kwamba ubaya huo umewapotosha sawasawa wale wanaojibu ndiyo na wale wanaojibu hapana. Neno kulipa linataka watu wawili: aliyetoa na anayerudishiwa. Sasa, katika elimu ya chuo, ni nani aliyetoa? Na ni nani anayepaswa kurudishiwa? Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na katika jambo hili daftari letu lina ukurasa mmoja tu, nao ni ukurasa wa mwenye cheti.

Tulipata kukaa katika kikao cha ukoo mmoja kwenye uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala. Kijana wa ukoo ule alikuwa amechaguliwa kwenda chuoni kusomea kilimo. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, wakati ambapo korosho zimeanza kuokotwa lakini fedha za mnada bado hazijawafikia wakulima. Mkopo aliopewa haukutosha kwa mahitaji yote, basi wazee wakakaa kugawana mzigo. Huyu alitoa nauli, yule akaahidi fedha ya chumba, shangazi mtu akasema godoro ni lake. Mzee mmoja aliungama kwamba amekwisha kuuza sehemu ya korosho zake kwa kangomba, yaani kwa wale wanunuzi wa kichochoroni wanaopima kwa bakuli na kulipa bei ya kutupa, ili asije mikono mitupu. Wenzake walimlaumu sana kwa kuvunja sheria, kisha wakazipokea fedha zake.

Mwishoni akasema mjomba wa kijana, ambaye kwa mila za Wamakonde neno lake lina uzito kuliko la baba. Hakuuliza mshahara wa bwana shamba ni kiasi gani. Aliuliza: "Hayo anayokwenda kusomea, atakuja kutuambia?" Kijana alitabasamu kwa haya, akajibu kwamba masomo yote ya huko ni kwa Kiingereza. Mjomba akanyamaza, na kikao kikaendelea na habari ya godoro.

Tangu siku ile tumekuwa tukiamini kwamba swali la mjomba lilikuwa bora kuliko yote tuliyowahi kuyasikia juu ya faida ya elimu ya juu, na kwamba jibu alilopewa lilikuwa baya kuliko yote.

Swali lile halikutoka hewani. Katika sehemu zile, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, elimu ilikuwa na gharama kabla ya kufika shule ya kwanza ya misheni. Vijana walipoingizwa likumbi, yaani kambi ya jando, mikono yao iliondoka shambani kwa muda mrefu. Walilishwa na mama zao na jamaa zao kutoka katika maghala yaleyale ya mtama na mihogo yaliyokuwa yawafikishe watu kwenye mavuno. Walimu wao nao walipewa haki yao. Gharama hiyo haikuwa ndogo, wala haikuhesabiwa kuwa ni ya kijana. Ilikuwa ni ya watu wote, na watu wote walijua watakachokipata: mtu mzima wa kushika jembe, wa kuzika, wa kuoa, wa kusimama barazani. Hatutaki kuipamba jando kupita kiasi. Ilifundisha pia mambo ambayo tunashukuru yamekwisha, na mengi kati ya hayo yaliwaelemea wanawake. Lakini kwa upande wa hesabu ilikuwa wazi. Aliyelisha alijua atakuja kuvuna nini.

Hesabu tuliyo nayo leo imetoka mahali pengine. Katika miaka ya 1980, wakati nchi nyingi za Afrika zilipoelemewa na madeni, wataalamu wa Benki ya Dunia walikokotoa faida ya kila ngazi ya elimu. Njia yao kuu ilikuwa ni kuulinganisha mshahara wa aliyesoma na mapato ya asiyesoma, kisha kutoa gharama. Kwa hesabu hiyo waliona kwamba shilingi inayowekwa katika shule ya msingi huizalia jamii zaidi kuliko shilingi inayowekwa chuoni, na kwamba faida ya chuo humwendea zaidi mwanafunzi mwenyewe. Basi wakashauri serikali zipunguze fedha za vyuo na mwanafunzi achangie. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nasi tulianza kufuata njia hiyo ya kuchangia gharama. Baadaye ikaja Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Tangu mwaka 2016 mnufaika aliye kazini hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Ada ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni hilo, nayo iliwaumiza wengi, ilifutwa mwaka 2021.

Hatusemi kwamba mkopo ni dhambi. Bila ya Bodi, watoto wengi wa wakulima wasingeliona lango la chuo, na aliyekopa ni lazima arudishe ili mwenzake naye akope. Tunachosema ni kwamba hesabu ile ya mishahara imeingia katika vichwa vya watu kama kasumba. Mwanafunzi amefundishwa kujiona kuwa ni mteja. Amenunua bidhaa, bidhaa hiyo anakusudia kuiuza, na bei ikiwa ndogo sokoni hulalamika kama mchuuzi aliyeuziwa nyanya zilizooza. Husema, "Nimepoteza miaka mitatu." Akiulizwa ni nini alichojifunza katika miaka hiyo, huona swali hilo ni la kumkejeli.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba walioianzisha hesabu ile wamekwisha kuitilia shaka. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki ya Dunia pamoja na UNESCO lilikiri kwamba kuipima elimu ya juu kwa tofauti ya mishahara ni kuipima kwa kipimo finyu, na kwamba kipimo hicho kilichangia vyuo kutelekezwa. Mtafiti anayegundua dawa ya mmea, mwalimu anayefunza vizazi thelathini vya watoto, mhandisi wa maji anayezuia kipindupindu kisiingie mtaani, faida yao haionekani katika hati zao za mishahara. Walioandika hesabu wamegeuka, lakini sisi tulioinakili tungali tunaisoma kwa sauti.

Tukitaka kujua ni nani aliyetoa, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba wakati wa uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 na wahandisi 2. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, kikiwa na kitivo cha sheria pekee na wanafunzi wasiofika 15. Hakikuwa hata na nyumba yake. Kilianzia katika jengo la TANU kwenye mtaa uitwao leo Lumumba, jengo la chama kilichoishi kwa ada na michango ya wanachama wake. Wengi wa wanachama hao hawakujua kusoma. Kwa hiyo mlipaji wa kwanza wa elimu ya juu katika nchi hii alikuwa ni mtu asiyeweza kulisoma tangazo la chuo alichokuwa akikigharimia. Mwalimu alimfananisha kijana anayesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Akila na asirudi, huyo ni msaliti.

Mfano huo haukuwa wa kupamba hotuba. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga mpango wa kuwataka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambapo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema kwamba afadhali ukoloni. Watu waliokuwa wakila jasho la wakulima walidai kwamba asilimia 40 ya mshahara ule, ambayo bado ilimzidi mkulima kwa mbali, ni dhuluma! Wanafunzi zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Lakini Mwalimu hakuishia hapo. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ndiyo iliyowafundisha vijana tamaa hiyo, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, na baada yake waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Tungependa kusema kwamba dawa zilizofuata zilifaulu zote. Hazikufaulu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, na apate pendekezo la wale alioishi na kufanya nao kazi. Nia ilikuwa njema: wanaolipa ndio wamchague wa kumsomesha. Lakini idadi ya wasichana walioingia chuo ilianguka, ikabidi baada ya muda mfupi waruhusiwe kupita moja kwa moja, na kidogo kidogo utaratibu wote ukalegea. Wapo walioitumikia jamii ili wapate barua, na wapo walioipata barua bila ya kuitumikia jamii. Sheria haiwezi kumtia mtu moyo wa kurudi.

Hapa msomaji kijana atatupinga, na ana haki. Atasema: hizo ni habari za zamani. Wakati ule mhitimu alingojewa na kazi, nyumba na pengine gari. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu ni zaidi ya laki mbili, na serikali haiwezi kuwaajiri wote. Utamwambiaje mtu asiye na mshahara kwamba ana deni kwa kijiji?

Tunakubali kwamba hali imebadilika, na kwamba anayemsimanga kijana asiye na kazi hana haya. Ni kweli pia kwamba zipo shule vijijini zenye upungufu wa walimu, hali walimu waliohitimu wamekaa nyumbani wakingoja ajira; hilo si kosa la mhitimu, wala si ushahidi kwamba elimu yake haina thamani. Ni ushahidi kwamba tumelima, tumevuna, kisha tumeacha mazao nje yanyeshewe. Lakini jawabu letu kwa kijana ni hili: mabadiliko hayo hayakumfuta mlipaji. Mama anayeuza maandazi Masasi, ambaye hana mtoto hata mmoja chuoni, hulipa anaponunua sukari, hulipa anaponunua sabuni, hulipa anapoweka muda wa maongezi katika simu yake. Kodi hizo ndizo zinazojenga kumbi za mihadhara, ndizo zinazolipa wahadhiri, ndizo zinazotia fedha katika mfuko wa mikopo. Kijana atakatwa asilimia 15, na siku moja Bodi itampa hati kwamba hadaiwi. Mama wa maandazi hana bodi. Hajawahi kuandika barua ya kudai. Je, yeye alipwe kwa nini?

Alipwe kwa ujuzi. Ujuzi ndio mali pekee iliyonunuliwa kwa fedha yake. Na kwamba jambo hili linawezekana tunao ushahidi wa mikorosho yenyewe.

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, zilibaki kama tani 17,000. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine tulizifanya kwa mikono yetu: wakulima walihamishiwa katika vijiji vya pamoja mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, mashamba yakageuka mapori. Lakini palikuwa na adui mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima waliona machipukizi na maua ya mikorosho yakifunikwa na kitu cheupe kama unga, kisha maua yakikauka bila ya kutoa korosho hata moja. Wapo walioamini kwamba ni mkosi. Wapo walioichoma mikorosho wakaweka mihogo.

Ugonjwa ule uliitwa ubwiriunga. Walioufuatilia walikuwa watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, watu waliopita katika vyuo, wazalendo pamoja na wageni waliofanya kazi nao. Waligundua ni kuvu wa namna gani, anashambulia miezi gani ya baridi na ukavu, na kwamba unga wa salfa ukipulizwa alfajiri wakati majani yangali na umande humzuia. Tena hawakukomea kwenye dawa. Waliitafuta mikorosho iliyokuwa ikistahimili ugonjwa, wakaizalisha kwa kubebesha vikonyo, wakafundisha watu kuchoma mashina ya zamani? La, kukata matawi ya zamani na kuyabebesha upya. Kisha habari hiyo ikatoka Naliendele. Ilibebwa na mabwana shamba na mabibi shamba kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, ikafika Newala, Tandahimba, Masasi, Liwale, Tunduru. Leo mtoto wa darasa la tano wa Tandahimba anaweza kukueleza salfa ni nini na kwa nini hupulizwa asubuhi. Mavuno ya msimu wa 2017/18 yalivuka tani 300,000.

Hatudai kwamba salfa peke yake ndiyo iliyoleta tani hizo; bei na masoko navyo vilikuwa na nafasi yao, na mwaka uliofuata masoko hayohayo yalituletea fedheha yake. Lakini tunauliza: mtaalamu wa hesabu ya mishahara angeliandika nini juu ya watafiti wale? Angelitazama mishahara yao ya serikali, ambayo haikuwa ya kujivunia, akatoa gharama za kuwasomesha, akahitimisha kwamba elimu yao haikulipa. Wakati huohuo mkulima aliyelipa kodi ya kuwasomesha alikuwa ameezeka bati.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, ubwiriunga. Ubwiri ni ugonjwa wa ukungu katika mimea. Unga kila mtu anaujua. Neno hilo lilimwezesha mkulima kuutambua ugonjwa, kuutaja barazani, kubishana na bwana shamba, kumweleza jirani. Lau ujuzi ule ungelibaki katika jina lake la Kilatini, na maelezo yake katika taarifa ya Kiingereza, maua yangeliendelea kukauka karibu na kabati lenye dawa yake. Hapa ndipo tunapofika kwenye jibu la yule kijana wa kikao, kwamba masomo yote ni ya Kiingereza. Kijana hakuwa na kosa. Alisema kweli. Tangu mwaka 1967 watoto wetu hufundishwa elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza hugeuziwa lugha. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kipande mpaka chuo. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sababu zilizotolewa zimebaki zilezile hata leo: istilahi hazitoshi, vitabu havitoshi, dunia itatuacha.

Istilahi hazitoshi! Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Taasisi hiyohiyo, sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo iliyotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ambayo haikosekani katika shule yoyote inayojiheshimu. Ni wangapi wanaoifungua wakikumbuka kwamba ni tunda la chuo? Wataalamu walilipwa kwa fedha ya umma, wakauchimba utajiri wa umma, wakaurudisha ukiwa umepangwa kwa alfabeti. Na idara ya Kiswahili ya chuo hicho imekuwa ikifundisha shahada yake kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, wala mbingu hazijaanguka juu ya Mlimani.

Hatupigani na Kiingereza. Mtafiti asiyejua Kiingereza leo amefungiwa nje ya sehemu kubwa ya elimu ya dunia, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake vingine anamdanganya. Asome kwa Kiingereza, aandike kwa Kiingereza, ashindane nacho huko nje. Tunapigana na ile desturi ya kuona kazi imekwisha pale tasinifu inapofungwa jalada gumu na kuwekwa kwenye rafu. Katika maktaba za vyuo vyetu zimo tasinifu juu ya mihogo ya Lindi, juu ya samaki wa Kilwa, juu ya vifo vya uzazi katika wilaya ambazo wakunga wake hawajaziona tasinifu hizo. Mwanafunzi alikwenda kijijini na dodoso lake, akakaribishwa kiti, akapewa chai na muhogo, akaulizia mambo ya ndani ambayo hata jirani haulizi, akajibiwa. Kisha akaondoka. Wanakijiji ndio walioutoa ujuzi ule, wao ndio walioulipia, na wao ndio pekee wasioweza kuusoma. Kama huo si mrija, tunaomba tuambiwe ni nini.

Kwa hiyo anayesema chuo hakina faida kwa kuwa mhitimu fulani hana kazi, anakosea. Na anayesema kina faida kwa kuwa mhitimu fulani amejenga ghorofa, anakosea vilevile. Wote wawili wanatazama mfuko mmoja. Juu ya ufundi hatutasema mengi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayebisha. Vyuo vya VETA, vilivyowekwa chini ya mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1994, vinatoa mafundi ambao nchi inawahitaji, na mzazi anayemwonea haya mwanawe fundi umeme huku akimringia mwanawe mwenye shahada isiyofanya kitu, ana ugonjwa ambao salfa haiutibu. Lakini wale wanaomsifu fundi kwa sababu tu anapata fedha mapema kuliko msomi, wanamfanyia fundi kosa lilelile wanalomfanyia msomi.

Tunalo pendekezo, na si la gharama kubwa. Hakuna tasinifu iliyofanyiwa utafiti katika kijiji chochote cha nchi hii ipokelewe na chuo kabla mwandishi wake hajaandika kurasa kumi za Kiswahili chepesi zinazoeleza alichokiona, na kabla hajarudi kuzisoma kwa sauti mbele ya watu aliowauliza maswali, wakapata nafasi ya kumpinga. Nakala moja ikae katika ofisi ya kata, nyingine katika shule ya sekondari iliyo karibu, ambako mwalimu wa biolojia au wa jiografia atapata cha kufundishia kinachotoka nyumbani. Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi hana nauli ya kurudi. Alikuwa na nauli ya kwenda. Wahadhiri watasema kwamba kurasa hizo hazitawapandisha cheo, na hilo ni kweli, basi kanuni za kupandisha cheo nazo zibadilishwe. Tungependa kazi hii ianzie katika vyuo vya kilimo, na ianzie Newala, kwa kuwa huko kuna ukoo uliokwisha kutoa nauli, fedha ya chumba na godoro, nao hadi sasa haujaambiwa kitu.